Bodi 45 kwa Madarasa Mawili

Oktoba 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mpango wa maendeleo na mapambano dhidi ya UVIKO-19, uliogharimiwa kwa mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka IMF. Sehemu yake iliyogusa vijiji vingi ilikuwa madarasa: 15,000 nchi nzima, kila moja kwa shilingi milioni 20. Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, nazo zilikuwamo. Ujenzi ulikwenda kwa force akaunti, yaani kamati inanunua vifaa na fundi wa hapohapo analipwa ufundi, bila mkandarasi wa kubeba kazi nzima.

Kwa utaratibu huo bei hujulikana kabla msingi haujachimbwa. Dari nayo huja karibu na mwisho, saruji, nondo, kenchi na bati vikiwa vimeshakula sehemu kubwa ya fungu. Anayeandika orodha ya vifaa vya dari hana nafasi ya kukisia.

Chukua mfano wa chumba cha mita 9 kwa 7, dari ya jipsamu juu ya mbao za mbili kwa mbili zinazoning'inizwa kwenye kenchi. Eneo ni mita za mraba 63. Bodi ya futi nne kwa nane ni mita 1.22 kwa 2.44, sawa na mita za mraba 2.98. Njia iliyozoeleka ni kugawanya, kuongeza asilimia 10 ya upotevu, kisha kukamilisha namba: 24 kwa chumba. Vyumba viwili vikihesabiwa kimojakimoja, dukani zinaagizwa 48.

Mchoro unatoa jibu jingine. Kenchi huvuka upande mfupi wa mita 7, kwa hiyo mbao za kubebea bodi hukimbia upande wa mita 9, na bodi hulala kuzikata, urefu wake ukifuata zile mita 7. Mstari mmoja unahitaji bodi tatu, ya tatu ikikatwa kubaki mita 2.12. Mistari kamili ni saba, jumla bodi 21. Unabaki ukanda wa upana wa sentimita 46 tu, na bodi moja hutoa kanda mbili za namna hiyo. Bodi mbili zinatosha kuumaliza. Jumla 23.

Madarasa mawili yakipimwa pamoja, kanda sita hutoka kwenye bodi tatu badala ya nne. Hapo ndipo inapopatikana 45.

Maungio nayo yana sheria yake. Yakijipanga kwenye mstari mmoja, ufa hutembea dari nzima, kwa hiyo fundi makini huanza mstari wa pili kwa nusu bodi: 1.22, 2.44, 2.44, kisha 0.90. Kipande cha kwanza na cha mwisho hutoka kwenye bodi ileile, hivyo idadi haiongezeki. Ila mpangilio huo unasimama kwa sharti moja: mbao ziachane milimita 610. Fundi anayepima 600, kwa kuwa ndiyo namba aliyoizoea, atajikuta baada ya nafasi nne ukingo wa bodi umeipita mbao kwa milimita 40, hauna pa kupigiwa skrubu. Atakata kila bodi au atang'oa mbao. Zipo pia bodi za mita 1.2 kwa 2.4, na hizo ndizo zinazotaka 600. Kipimo cha bodi iliyoko dukani kijulikane kabla mbao ya kwanza haijapanda.

Hesabu ya mbao inafuata mantiki hiyohiyo. Kwa chumba kimoja, mistari 13 ya mita 9 ni mita 117. Vikatizo kwenye kila ungio la bodi, pamoja na kingo mbili, ni mistari 9 ya mita 7, yaani 63. Mita 180 kwa mbao za futi 12 zinatoa mbao 50. Lakini mbao hununuliwa kwa urefu uliopo. Kila mstari wa mita 9 unakula mbao mbili nzima na kipande cha mita 1.68, na mbao moja hutoa vipande viwili vya aina hiyo: jumla 33. Vikatizo 108 vya sentimita 56, sita kwa kila mbao, ni mbao 18 nyingine. Jumla 51, na tatu au nne za ziada kwa maungio yasiyoangukia kwenye kenchi. Zote ziwe zimetiwa dawa, maana mchwa wa Pwani haulizi bajeti.

Vidogo vinahesabika haraka. Skrubu 35 kwa bodi ni kama 1,600 kwa vyumba viwili. Tepu ya maungio ni mita 71 kwa chumba, hivyo roli mbili za mita 90 zinatosha vyumba vyote viwili. Mikanda ya jipsamu huzunguka mita 32 kwa kila chumba, pamoja na ziada kidogo ya kukata kona.

Je, ile asilimia 10 ifutwe? Jibu linategemea shule iko wapi. Kibaha ipo kwenye Barabara ya Morogoro. Shule ya Maili Moja ikipungukiwa bodi, mtu anatumwa dukani na kazi inaendelea, kwa hiyo 45 na moja ya ziada inatosha. Kwa shule iliyo ndani ya Kisarawe, kuelekea Mzenga au Maneromango, bodi moja iliyovunjika inaweza kudai safari nyingine ya gari na siku ya mafundi kukaa bure. Huko 48 ni namba ya busara, ingawa mchoro bado unasema 45. Bodi tatu za juu ni bima ya usafiri, na ziandikwe hivyo kwenye orodha. Zikiitwa upotevu wa kukata, hakuna atakayeuliza baadaye zilikwenda wapi.

Mvua nayo ina sehemu yake. Madarasa ya 2021 yalijengwa kati ya Oktoba na Desemba, majira ya vuli, na jipsamu iliyolowa haifai tena. Bodi ya milimita 9 ina uzito wa karibu kilo 20, hivyo shehena ya 45 ni kama kilo 900: inabebeka na Kenta moja, lakini inataka turubai, na ikifika ilazwe juu ya mbao ndani ya chumba kilichokwisha kuezekwa.

Kwenye bei, mtego mkubwa ni VAT. Duka moja linataja bei yenye kodi, jingine linataja isiyo na kodi, na mjumbe wa kamati anazilinganisha kana kwamba ni sawa. Asilimia 18 ya bodi 45 ni thamani ya bodi nane, zaidi ya chochote ambacho mchoro mzuri ungeokoa. Bei zote zilinganishwe kama zitakavyosomeka kwenye risiti ya EFD.

Linabaki suala la ufundi. Patano la malipo kwa bodi ni rahisi kulihesabu, lakini linamlipa fundi zaidi kila anapofungua bodi mpya badala ya kutafuta kipande kilichobaki. Kanda zile sita za sentimita 46 zinaweza kufungua bodi sita, na kwa patano hilo fundi hana hasara yoyote. Patano likiwa la mita za mraba 126 zilizokamilika, ujira haubadiliki hata akitumia bodi 45 au 50, na kamati inaweza kuweka sharti kwamba bodi zinazozidi idadi ya mchoro zitolewe stoo kwa maelezo ya maandishi.