Supu ya kamba ya Penang hupikwa kwa vichwa

Bakuli la tambi za kamba la Penang, kule Malaysia, halina kamba wengi. Aghalabu ni wanne watano, wadogo, na pengine wamepasuliwa kwa urefu ili waonekane wengi. Anayekwenda kula kwa kuhesabu kamba ataondoka amenuna. Kamba wenyewe wameishia ndani ya supu, na mpishi wa chakula hiki hupimwa kwa supu.

Chakula hiki, kinachoitwa Hokkien mee huko Penang, ni cha Wahokkien, wahamiaji waliotoka Fujian, kusini mwa China. Huliwa kwenye vibanda na migahawa ya kawaida kabisa: viti vya plastiki, mpishi mmoja, mara nyingi chakula kimoja tu. Singapore nao wana cha kwao, na utamaduni wao wa vibanda hivyo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika mwaka 2020.

Kazi huanzia kwenye vitu ambavyo wengine huvitupa. Vichwa na maganda huoshwa, huchujwa maji mpaka yakauke, kisha hutiwa kwenye karai lenye mafuta ya moto. Kuchuja si jambo la kupuuza, kwa maana maganda yenye maji hayakaangiki, yanachemka. Na hapa ndipo mabakuli yanapoanza kutofautiana. Kamba mbichi ana rangi ya kijivu kwa sababu wekundu wake, unaoitwa astaksanthini, umeshikwa na protini. Joto likiivunja protini hiyo, wekundu unaachiliwa, nao huyeyuka kwenye mafuta, si kwenye maji. Tena maji yanayochemka hayapiti nyuzi 100, na ile harufu ya kukaangwa inahitaji joto kubwa zaidi ya hapo. Mpishi anayetupa maganda moja kwa moja kwenye maji atapata supu iliyopauka, yenye shombo.

Maganda yakishaiva hupondwa ili vichwa vitoe mafuta yake yote, kisha hutiwa maji na kuunganishwa na mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa kadhaa. Mifupa huipa supu uzito unaogandia midomoni, maganda huipa utamu na rangi. Supu iliyofanikiwa ina rangi ya matofali, na juu yake huelea matone mekundu ya mafuta. Ukiyaona matone hayo kabla ya kijiko cha kwanza, tulia: mpishi hakukimbilia maji.

Kamba wa kuliwa huchovywa kwenye supu hiyohiyo kwa dakika moja au mbili na kutolewa upesi, maana wakizidi wanakuwa kama mpira. Wakimenywa, maganda yao nayo hurudi sufuriani.

Tambi ni za ngano, za njano, na unga wake hukandwa kwa maji ya magadi. Sisi tunatia magadi kwenye maharage na mboga ili vilainike. Kwenye unga wa ngano kazi yake ni kinyume, hukaza donge na kuifanya tambi ivutike, na ndiyo huleta ile rangi ya njano. Huchanganywa na tambi nyembamba za mchele, chipukizi za choroko na mboga ya kangkung. Mtazame mpishi mkono: anamimina supu juu ya tambi, anaimwaga irudi sufuriani, anamimina tena. Anapasha bakuli ili chakula kisipoe kabla hakijafika mezani. Mwisho huja nusu ya yai, vitunguu vya kukaanga na kijiko cha pilipili iliyosagwa na kukaangwa. Onja supu kabla ya kuikoroga pilipili. Kibanda chenye supu dhaifu hujificha humo, na wengi hawagundui.

Msomaji Mwislamu ana njia nyingine: mee udang ya Wamalay, ambayo Kuala Sepetang, jimboni Perak, kando ya mikoko ya Matang, inasifika kwayo. Mchuzi wake ni mzito na mwekundu, kamba ni wakubwa na wa kushiba. Ni chakula kizuri, lakini hapo unamla kamba mwenyewe. Kwa ufundi wa supu, Penang inashinda.

Nawaomba wapishi wa pwani yetu, kuanzia Feri ya Dar es Salaam hadi Mombasa: msitupe vichwa. Vikaangeni kwenye mafuta, vipondeni, vitieni maji, chujeni, na maji hayo ndiyo yaingie kwenye mchuzi wa nazi badala ya maji ya bomba. Fanyeni hivyo siku ileile ya kununua, maana kichwa ndicho huanza kuharibika.