Kituo cha Ukaguzi au Mbiu? Uhakiki wa Sitiari za Udhibiti wa Mzunguko wa Seli

Uhakiki huu unazipima sitiari mbili zinazofafanua udhibiti wa mzunguko wa seli, yaani saa na kituo cha ukaguzi, dhidi ya majaribio yenyewe. Kiswahili si mgeni katika taaluma hii: hamira aliyoitumia Paul Nurse kuchunguza jeni cdc2 huitwa *Schizosaccharomyces pombe*, jina lililotolewa mwaka 1893 kutokana na pombe ya Afrika Mashariki ilimopatikana. Hata hivyo, istilahi zinazoingia katika lugha zinahitaji kuhakikiwa.

Sitiari ya saa ina mashiko. Mwaka 1982, Tim Hunt alibaini katika mayai ya kiumbe wa baharini mwenye miiba protini iliyolimbikizwa na kisha kutoweka katika kila mgawanyiko. Protini hiyo, saiklini, huamsha kimeng'enya kiitwacho CDK. Kuteketezwa kwake huiruhusu seli kukamilisha mgawanyiko. Lakini saa haimsubiri mtu, ilhali seli husubiri.

Kusubiri huko ndiko kulikozaa sitiari ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ted Weinert na Leland Hartwell walionesha kwamba hamira iliyodhuriwa na mionzi husita kugawanyika hadi DNA irekebishwe. Hamira isiyo na jeni RAD9 haikusita, na nyingi zilikufa. Bila madhara hayo, ilikua vizuri. Hapa ndipo neno "kituo" linapopotosha. Kizuizi cha barabarani humsimamisha kila msafiri, awe na kosa au asiwe nalo. Katika seli, kinachosimamisha safari ni ishara itokayo penye hitilafu: hata kromosomu moja isiyoshikwa na nyuzi za mgawanyiko huweza kuzuia saiklini isiteketezwe.

Sitiari inayokaribia zaidi ukweli huo imo katika methali: mbiu ya mgambo ikilia, kuna jambo. Nayo ina mpaka wake, kwani katika seli hakuna mpiga mbiu aliyetumwa. Penye kasoro ndipo panapolia.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Jeni ya protini p53 imeharibika katika takribani nusu ya saratani za binadamu. Mwanafunzi aliyefundishwa "kituo" atatafuta lango lililovunjika. Aliyefundishwa "mbiu" ataelewa kwamba DNA imedhurika, mbiu haikusikika, na seli imeendelea kurithisha madhara hayo. Istilahi inayoficha hatua hiyo huuficha pia ugonjwa.