Faraja na Haki katika Chozi la Heri: Mtazamo kutoka Mlima Elgon

Watahiniwa wengi walipohakiki Chozi la Heri ya Assumpta K. Matei, iliyotahiniwa katika KCSE kuanzia mwaka 2018 hadi 2022, walihitimisha kwamba waathiriwa wanapata haki. Makala haya yanadai kuwa wanachopata ni faraja.

Ridhaa anapoteza aila yake kwa moto baada ya uchaguzi, naye Mzee Kedi, jirani yake wa miaka mingi, yumo miongoni mwa washambulizi. Kaizari anashuhudia mabinti zake wakinajisiwa. Baadaye Umu, Dick na Mwaliko wanakutana tena, na Sauna aliyewaiba watoto ananaswa. Lakini je, waliochoma nyumba? Riwaya haituonyeshi wakihukumiwa. Mhakiki asiharakishe kukiita kimya hicho udhaifu wa msuko.

Mwanafunzi wa Bungoma au Kitale anao mfano karibu. Kati ya 2006 na 2008 kundi la SLDF lilihangaisha Mlima Elgon kwa sababu ya mgogoro wa ardhi ya Chebyuk. Human Rights Watch ilikadiria kuwa kundi hilo liliua zaidi ya watu 600. Machi 2008 jeshi lilianzisha Operesheni Okoa Maisha, nalo likashutumiwa kwa mateso na kupotea kwa watu.

Kesi za ICC zilihusu ghasia za uchaguzi wa 2007, wala hazikugusa vita vya Mlima Elgon. Hata hizo ziliisha bila yeyote kutiwa hatiani: mashtaka dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikasitishwa Aprili 2016. Shauri la Mlima Elgon lilifikishwa mwaka 2010 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, Arusha. Machi 2012 majaji wa rufaa walilitupa kwa kuwa lilipita muda wa miezi miwili uliowekwa na mkataba. Kama walioteswa waliteswa kweli, mahakama hiyo haikuamua.

Basi Matei ameandika yanayotokea. Aila huungana, nyumba hujengwa upya, na deni la haki hubaki pale pale. Mtahiniwa anayetenganisha mambo haya mawili ameielewa riwaya.

Swali la marudio: "Waathiriwa katika Chozi la Heri wanafarijiwa bila kutendewa haki." Thibitisha. (Alama 20)