Maji ya Chinsaga Yaliyomwagwa Kebirigo

Wote waliosimama kulizunguka jiko siku ya maonyesho ya mapishi pale sokoni Kebirigo, Nyamira, waliona jinsi mpishi alivyoichambua na kuiosha mboga ya chinsaga, na katika hayo hapana la kumlaumu. Kisha sufuria ikatokota, akatia kijiko cha magadi, akangoja majani yalainike, akayakamua kwa mikono miwili, na yale maji ya kijani kilichokoza akayamwaga mtaroni, akateleka upya kwa maji mengine. Hapo ndipo mapishi yalipoharibika, wala maziwa na samli aliyoyatia baadaye, pamoja na sifa tele za waamuzi, havikuweza kuyatengeneza.

Vitamini C huyeyuka majini na huharibika kwa moto, na magadi huuharakisha uharibifu huo. Nayo ndiyo inayousaidia mwili kuyapokea madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Sasa, ikiwa mzazi wa Kigusii hupewa chinsaga baada ya kujifungua kwa kusudi la kurudisha damu, huyu atakayeandaliwa majani yaliyokamuliwa hivyo atakuwa amepewa jina la dawa, na sehemu kubwa ya manufaa yake imekwenda na mtaro. Mpishi alipoulizwa alisema alihofu uchungu. Lakini uchungu ule, ambao kwa sehemu kubwa ni kazi ya fenoli, huondolewa kwa maziwa, kwa sababu protini yake hushikamana na fenoli na kuutuliza ukali, kama vile maziwa yanavyoilainisha chai ya rangi iliyokolea, jambo ambalo katika mji wenye kiwanda chake cha chai lilipasa kujulikana na kila mwenye ulimi. Fauka ya hayo, mafuta ya maziwa huusaidia mwili kuifyonza beta-karotini. Nyanya zetu walitia maji akali, wakafunika chungu, wakaongeza maziwa kidogo kidogo, na kesho yake wakaipasha mboga moto tena. Naam, moto mrefu nao hula vitamini, lakini yale yaliyoyeyuka yalisalia chunguni, yakaliwa.

Nimekwisha kuandika, na sitachoka kuandika, kwamba msiba huu ulianza pale mabwana shamba walipoihesabu chinsaga kuwa magugu na kutuhimiza sukuma wiki. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ameirudishia mboga hii heshima yake. Ama wale watafiti wanaoloweka majani makavu ya chinsaga katika methanoli, wakaua vijidudu vya kisahani na kutangaza dawa, hao wamtaje mama mmoja wa Nyamira anywaye methanoli.

Kwani namna ya kuliandaa jani ndiyo inayoamua litakuwa dawa gani. Likipondwa bichi, kama wafanyavyo wale wanaodondosha maji yake katika sikio linalouma, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya seli hukutana na glukosinolati, ikazuka ile harufu kali ipandayo puani. Likichemshwa, kimeng'enya hufa, na nguvu hiyo haizuki tena. Watafiti wa kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE walioonyesha mwaka 1999 kwamba mafuta ya mmea huu hufukuza kupe waenezao ndigana kali walifanya kazi safi, kadhalika mtafiti Samuel Nyalala na wenzake, mwaka 2011, juu ya utitiri wa waridi.

Lakini kupe si mzazi. Utafiti ninaoudai ni wa sufuria mbili za chinsaga zilizochumwa shamba moja, moja imemwagwa maji na nyingine imepikwa kwa maziwa bila kumwagwa, zikapimwa chuma na vitamini zikiwa tayari kuliwa. Kisha zipewe wazazi walioridhia, na damu yao ipimwe kabla na baada ya wiki kadhaa. Haihitaji methanoli hata tone, na chinsaga i tele katika kila soko la Nyamira.