Kadzonzo wa Sokoke: Alivyotambuliwa, na Dalili Ipi Iaminiwe

Mwaka 1978, Jeni Slater aliyeishi Watamu, Kilifi, katika pwani ya Kenya, alikuta watoto wa paka katika shamba lake la minazi, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Mabaka yao hayakufanana na ya paka wengine wa maeneo yale. Akachukua wawili, dume na jike, akawalea kwa mkono, na walipokomaa wakazaana. Wagiriama wanaopakana na msitu huo walikuwa wakiwafahamu paka hawa kabla yake, wakiwaita kadzonzo na kuyafananisha manyoya yao na magome ya mti. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, rafiki yake Slater, Gloria Moeldrup, aliwapeleka baadhi yao Denmark. Kufikia mwaka 1994, kadzonzo alikuwa ameshaingia katika daftari la FIFe, shirikisho la paka lenye makao yake Ulaya, kwa jina la Sokoke.

Kutoka shamba la minazi hadi daftari la Ulaya ni safari ya miaka 16. Kwa sehemu kubwa ya safari hiyo, kazi ya utambuzi ilifanywa kwa macho: kutazama mwili, kutazama mwendo, kuchunguza tabia. Ukizipima dalili hizo moja moja, utaona kwamba hitimisho, kuwa hii ni aina ya pekee, lilikuwa sahihi, lakini dalili iliyowavutia watu mwanzo ndiyo dhaifu kuliko zote.

Mabaka

Paka wengi tunaowaona wana milia myembamba inayoshuka ubavuni. Kadzonzo ana mabaka mapana ya kahawia iliyokoza, yanayojizungusha katikati ya ubavu. Tofauti hiyo inatokana na jeni moja, Taqpep, ambayo watafiti waliitambua mwaka 2012. Jeni hiyohiyo ndiyo inayompa duma mfalme wa kusini mwa Afrika mabaka yake mapana.

Sasa, aina ya jeni hiyo inayoleta mabaka mapana hujificha. Mtoto asipoirithi kwa baba na kwa mama pia, haionekani. Kwa sababu hiyo, ukikutanisha paka wawili wenye mabaka mapana, watoto nao hutoka na mabaka, hata kama baba ni wa Watamu na mama ni wa London. Uzao wa paka wa Slater kurudia mabaka ya wazazi ulikuwa jambo la kutarajiwa, na peke yake haukuthibitisha kwamba hii ni aina ya pekee. Tena mabaka hayo si mali ya Kilifi. Utafiti wa vinasaba vya paka wa kale uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba yalianza kuonekana katika Zama za Kati, upande wa Uturuki, kisha yakaenea. Leo yamejaa Ulaya.

Hata hivyo, usiyatupe mabaka. Yasogelee. Kwa paka wa kawaida mwenye mabaka mapana, unywele uliotoka ndani ya baka ni mweusi karibu urefu wake wote. Kwa kadzonzo, ndani ya baka hilohilo zimo nywele zenye pete, sehemu nyeusi ikifuatwa na sehemu ya kahawia hafifu. Ndiyo maana baka lake huonekana kama lina uwazi katikati, na rangi nzima ya mwili inajichanganya na vivuli vya msituni. Hii ndiyo dalili ya rangi yenye uzito, na ni lazima umshike paka mkononi, penye mwanga wa kutosha, ili uione.

Umbo na mwendo

Kadzonzo ni mwembamba, mwenye misuli, na mara nyingi hazidi kilo 5. Kichwa ni kidogo kikilinganishwa na mwili, masikio ni makubwa kiasi, macho ni ya kaharabu au kijani hafifu, na mkia mwembamba huishia kwenye ncha nyeusi. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, kwa hiyo kiuno kimeinuka kuliko mabega, naye hutembea kama anayenyata kwa ncha za vidole. Manyoya ni mafupi, yamelala juu ya ngozi, na karibu hayana ile sufi ya ndani inayohifadhi joto. Joto la pwani halimsumbui; baridi humsumbua.

Dalili hizi zina nguvu kwa sababu umbo la mwili halitawaliwi na jeni moja. Urefu wa mfupa wa paja, upana wa kichwa na wingi wa sufi hutegemea jeni nyingi, na si rahisi zote zikutane kwa bahati katika paka mmoja, tena zijirudie kwa watoto wake. Tahadhari ni moja: pima paka mzima aliyeshiba. Njaa na minyoo humfanya paka yeyote wa mtaani aonekane mwembamba mwenye miguu mirefu.

Tabia

Wafugaji humweleza kadzonzo kuwa mchangamfu, mpandaji hodari, mwenye sauti nyingi, anayeshikamana sana na watu wake na paka wenzake. Mama hukaa na watoto muda mrefu, na watoto huchelewa kukomaa.

Hapa panahitaji uangalifu. Mtoto wa paka akizoeshwa mikono ya watu akiwa na umri wa kati ya wiki 2 na 7, kwa kawaida huwa mpole. Akikosa nafasi hiyo, mara nyingi huwa mwoga. Paka wa Slater walilelewa kwa mkono, hivyo upole wao peke yake hausemi lolote kuhusu damu yao. Tabia huwa ushahidi inapojirudia kizazi baada ya kizazi katika malezi tofauti, na kadzonzo waliozaliwa Denmark, mbali na msitu, waliendelea kusifiwa kwa tabia hizohizo.

Wanaofuga mbwa wa kuwinda wanajua kupitia basenji wa Kongo kwamba sura peke yake haitoshi. Masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja utavikuta kwa mbwa wengi wa vijijini, na si haki kumwita kila mmoja wao basenji. Basenji hutambulika zaidi kwa mambo ambayo picha haiyaonyeshi: habweki kama mbwa wengine, na jike kwa kawaida hupata joto mara moja tu kwa mwaka.

Ushahidi wa vinasaba

Walikuwapo waliodhani kadzonzo ni paka pori, au chotara wake. Mwaka 2008, watafiti walioongozwa na Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya vinasaba vya paka zaidi ya 1,100 duniani, wakiwamo wa aina 22 zinazotambuliwa, Sokoke akiwa mmojawapo. Kadzonzo alionekana kuwa paka wa nyumbani, jamaa wa paka wa mitaani wa visiwa vya Lamu na Pate, katika tawi linaloelekea upande wa Asia. Kwa pwani iliyopokea majahazi ya kaskazi kwa karne nyingi, udugu huo unaeleweka.

Kwa hiyo kadzonzo ni paka wa pwani aliyejengwa na mazingira ya pwani. Udhaifu wake ulikuwa uchache: uzao wa Denmark ulianza na paka wachache mno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Jeannie Knocker, aliyeishi pwani hiyohiyo, alianza kuzalisha kadzonzo wapya waliotoka vijijini, na damu hiyo ikaongezwa katika ukoo wa zamani. Basenji nao walipitia njia hiyo. Mwaka 1990 daftari lao la Marekani lilifunguliwa kwa mbwa walioletwa kutoka Kongo, iliyoitwa Zaire wakati huo, baada ya ugonjwa wa figo kuenea katika damu iliyofungiwa.

Hukumu yangu ni hii: kadzonzo ni aina halisi, na ushahidi wake ni mkusanyiko wa nywele zenye pete, kiuno kilichoinuka, manyoya yasiyo na sufi, tabia inayorithiwa na vinasaba vya pwani. Mwenye mabaka pekee si kadzonzo bado.

Lakini madaftari yanayotambulika ya nasaba yake yako Ulaya na Marekani, ilhali chimbuko lake ni Kilifi. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi mjini, na Makumbusho ya Taifa yana ofisi Gede, ukingoni mwa msitu. Taasisi hizi zianzishe daftari la kadzonzo wa vijiji vya Arabuko-Sokoke, kwa picha, vipimo na sampuli za vinasaba. Nawe mfugaji wa Gede, Mida au Matsangoni mwenye paka wa namna hii, mpige picha akiwa amesimama ubavu, andika alizaliwa lini na mama yake ni nani, na mpeleke achanjwe kichaa cha mbwa. Usimuuze kwa mpita njia kabla kumbukumbu hizo hazijaandikwa.