Ukipandisha Sailensa, Misi Haijaondoka

Fundi aliyeishika ile Carina Ti Jumamosi, kwenye gereji ya barabara ya Manyoni hapa Singida mjini, alifanya kazi safi asubuhi nzima, kisha akaiharibu kwa bisibisi ndani ya nusu dakika. Mliokuwepo mliona. Alizungusha skrubu inayozuia troto, sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ikapanda kutoka 750 hadi juu ya 1,100 kwa dakika, mtetemeko ukapotea, boneti ikafungwa. "Mzee, chuma imetulia hiyo." Mzee akalipa, watazamaji wakasifu. Gari liliondoka na ugonjwa wake uleule.

Tumpe kwanza kilicho chake: alisafisha troto, akaweka plagi nne za saizi sahihi, akakaza vichwa vya betri. Sasa tuje kwenye skrubu.

Injini ile ni 5A-FE, silinda nne, cc 1,498. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya krenki. Sailensa ikiwa 750, silinda moja inawaka mara 375 kwa dakika, yaani kama mara 6 kwa sekunde. Ikifa moja, ndiyo misi yenyewe, pengo lake linahisika hata kwa kiganja ukikiweka nyuma ya ekzosi: mapigo matatu, kimya, mapigo matatu, kimya. Ndicho kilichokuwa kinatokea Jumamosi, na kila mwenye sikio alikisikia. Ukipandisha hadi 1,100, pengo linakuja mara 9 kwa sekunde, flaiwili inakuwa na kasi ya kutosha kulimeza, na usukani unaacha kutetemeka. Silinda iliyokufa imebaki maiti. Kilichobadilika ni kwamba mwenye gari haisikii tena.

Na skrubu yenyewe? Kiwanda kiliiweka mahali pake na kuifunga ili troto isigonge ukuta wa nyumba yake. Sailensa ya injini hii inaongozwa na kontroli boksi kupitia valvu ya hewa, nalo ndilo linaloipandisha na kuishusha injini ikiwa baridi, ukiwasha eakondishena, ukiwasha taa. Ukiisukuma troto kwa bisibisi, sensa yake inapeleka habari kwamba kuna mguu kwenye mafuta. Boksi litafanya nini? Litaamini. Dereva akiachia pedali kwenye mteremko, boksi lilipaswa kukata petroli kabisa na kuiacha injini ishike gari. Likidhani mguu bado upo, linaweza lisikate. Mzee yule hupeleka mizigo Shelui, kwa hiyo mteremko wake ni Sekenke, na Sekenke si mahali pa kushuka ukitegemea breki peke yake. Hapo sijataja gia ya otomatiki inayoingia D kwa kishindo kwa sababu injini inazunguka kwa kasi isiyotakiwa, wala petroli mbichi ya silinda iliyokufa inayokwenda kuwakia ndani ya masega ya ekzosi hadi yayeyuke na kuziba. Gari litaanza kukosa nguvu, na nina hakika fundi mwingine atasema ni gia boksi.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba jibu lilikuwa mkononi mwake. Alipochomoa kofia ya waya wa plagi ya tatu, ilitoka inachuruzika oili. Akaifuta kwa kitambaa. Akaingiza ufunguo, plagi nayo ikatoka imelowa shingoni, akalifuta shimo pia, akaweka plagi mpya, akarudisha kofia ileile iliyovimba na kulainika. Jamani! Oili haifiki kwenye shimo la plagi kwa bahati mbaya. Inapita kwenye mipira ya tapeti kava iliyokauka, inajaa taratibu, inaila kofia, na umeme badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi unatafuta njia fupi pembeni, kwenye chuma cha shimo. Plagi mpya haiponyi kofia iliyooza. Gasketi ya tapeti kava pamoja na mipira yake, seti ya waya, na kazi ingekwisha kabla ya chakula cha mchana.

Kama hakuiamini oili, angeuliza injini. Soketi ya nozeli inachomolewa moja baada ya nyingine, injini ikiwa sailensa. Ukichomoa ya kwanza ikayumba, ile ni nzima. Ya pili ikayumba, nzima. Ukifika kwenye ile ambayo ukichomoa hakuna kinachobadilika, umempata mgonjwa. Ukishamjua, hamisha plagi yake uipeleke kwa jirani uone kama ugonjwa unahama. Usiku fungua boneti, zima taa, nyunyizia waya maji kidogo, cheche ya buluu itajionyesha inapovujia. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji pesa.

Kuna aliyesema pembeni kwamba huenda upepo unavuja kwenye manifoldi. Ningemheshimu kama injini ingekuwa inapima hewa kwa mita ya kwenye bomba la eakilina. Hii inapima presha ndani ya manifoldi. Upepo ukiingia kwa siri, sensa inauona na boksi linaongeza petroli, basi sailensa hupanda. Yetu ilikuwa chini na inachechemea.

Mwingine akaleta ile hadithi ya hewa nyembamba ya Singida. Hii nimeichoka. Ni kweli tuko kwenye mita kama 1,500 na hewa ni pungufu kwa takriban moja ya sita kuliko Dar. Enzi za kabureta mtu alibadilisha jeti. EFI inayopima presha inajirekebisha yenyewe, na milima haichagui silinda ya tatu peke yake.

Halafu ikaja mashine. Kijana akachomeka kifaa chake cha simu, kikakataa kuongea na gari, ikawa basi, "mashine haisomi". Kanuni iliyoyalazimisha magari kutaja silinda inayomisi kwa namba kama P0301 ilianza Marekani mwaka 1996, na Carina nyingi za soko la Japani za miaka ile hazikuguswa nayo. Lakini pale chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Unaunganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unafungua swichi bila kuwasha injini, unahesabu taa ya injini inavyopepesa. 22 ni sensa ya joto la maji, 31 ni ya presha ya manifoldi, 41 ni ya troto. Haitakutajia waya unaovuja, ila ingemwambia fundi kwamba sensa ziko sawa na macho yarudi kwenye umeme wa plagi.

Mafundi wa pointi na kabureta, waliosikiliza injini kwa bisibisi refu lililobanwa sikioni, wasingefunga boneti bila kujua ni silinda ipi. Joginder Singh alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa rali, na mwaka 1965 alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, akashinda tena 1974 na 1976 na Lancer. Gari lililochoka halivuki Afrika Mashariki kwa sailensa ya kupandisha. Linavuka kwa mtu anayejua kila silinda inafanya nini. Leo tuna vifaa vingi kuliko yeye, na tumerudi kwenye bisibisi.

Mzee mwenye Carina, kabla hujapakia mzigo wa Shelui, rudisha gari. Skrubu irudishwe ilipokuwa, mipira ya tapeti kava ibadilishwe pamoja na waya zote nne, na usitoe hela mpaka fundi amekutajia namba ya silinda iliyokuwa imekufa.