Swali la Pembeni

Aliyesomea Kiingereza chuoni amezoea vitabu vilivyokwisha. Mwandishi pengine alifariki zamani, na kazi ya mwanafunzi ni kutoa hoja. Siku anayoajiriwa na mchapishaji anakabidhiwa mswada ambao bado unaweza kubadilika, wa mtu aliye hai, aliyeutolea jasho. Hapo hoja zake hazitoshi. Inabidi ajifunze kuuliza.

Mtazame mhariri mzuri akiwa kazini. Riwaya ameshaisoma mara moja bila kushika kalamu, apate kuisikia sauti ya mwandishi. Sasa anaanza upya, na kando yake ipo karatasi anayoorodheshea majina, umri, siku, mahali, na tahajia alizokwisha kuamua. Ukurasa wa 14, shangazi anaondoka kijijini Jumanne, siku ya gulio. Ukurasa wa 90 anaikumbuka safari ileile, ila sasa gulio ni Ijumaa. Mwenye pupa angefuta Ijumaa akaandika Jumanne, akaendelea. Huyu anachukua penseli na kuandika pembeni: "Uk. 14 gulio ni Jumanne. Shangazi amesahau, au ni sisi?" Naliheshimu sana swali hilo. Huenda mwandishi alitaka shangazi yule akumbuke vibaya, na sahihisho la haraka lingeua jambo zuri kuliko yote katika sura nzima.

Darasa huliandaa sikio, lakini mkono hufundishwa na kazi yenyewe. Toni Morrison, mwandishi wa riwaya wa Marekani, alihitimu Kiingereza Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1953, akapata uzamili Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1955, akafundisha miaka kadhaa. Uhariri aliuanzia mwaka 1965 kwenye vitabu vya shule, katika kitengo cha kampuni ya uchapishaji ya Random House mjini Syracuse. Baadaye ndipo alipohamia New York, akawahariri Gayl Jones, Toni Cade Bambara na Angela Davis.

Kwetu pia vijana wengi huanzia vitabu vya kiada, na wengine hunung'unika, maana walikuja wakiota riwaya. Mimi naona ni bahati. Kitabu cha darasa la nne hakimwachii mhariri pa kujificha: swali likiwa na maana mbili, au jibu la nyuma lisipolingana na zoezi, mwalimu atakwama mbele ya watoto arobaini.

Kuna pia siku ambazo kazi hii hudai ujasiri. Henry Chakava aliingia kampuni ya uchapishaji ya Heinemann jijini Nairobi mwaka 1972, akitokea Chuo Kikuu cha Nairobi alikosomea fasihi na falsafa. Huko, mwaka 1968, wasomi Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Owuor Anyumba walikuwa wametaka idara ya Kiingereza ya chuo hicho ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati. Mwaka 1980 Chakava akachapisha Caitaani Mũtharaba-inĩ, riwaya ambayo Ngũgĩ aliiandika kwa Kigĩkũyũ akiwa kizuizini. Soko la riwaya za lugha hiyo lilikuwa halijajengwa, na serikali ilikuwa ikimwandama mwandishi. Mhariri anayeupokea mswada wa namna hiyo anaweka dhamana jina lake na kampuni yake.

Lakini siku nyingi za kazi hii hazina ushujaa wa aina hiyo. Zina prufu, yaani kurasa za majaribio za kusahihishwa kabla ya kitabu kuchapwa. Mmoja anasoma kwa sauti, pamoja na nukta, mkato na herufi kubwa, na mwenzake anafuatilia kwa rula, mstari kwa mstari. Halafu inakuja hesabu ya karatasi. Mara nyingi kurasa huchapwa kwa mafungu ya 16, hivyo kitabu kikizidi kurasa mbili tu kitadai fungu zima, na bei itapanda. Mhariri anarudi kutafuta aya ambazo mstari wake wa mwisho una neno moja pekee. Hapa anapendekeza "kwa sababu" iwe "kwani", pale "hata hivyo" isiyo na kazi iondoke, na neno lile linapanda mstari wa juu. Anafanya hivyo sura baada ya sura, kila badiliko akimwomba mwandishi ridhaa, mpaka kurasa mbili zile zimalizike.